Kapteni Felisiani Magige: Medali Tatu na Mazishi ya Pili

Marehemu Kapteni mstaafu Felisiani Magige Werema alizaliwa tarehe 3 Mei 1951 katika kijiji hiki cha Busegwe, Butiama, akiwa mtoto pekee aliyebaki wa Mzee Magige Werema na Bi. Nyangeta. Alifariki dunia mara mbili. Mara ya kwanza, kwa mujibu wa msalaba mnaouona pale, ni mwezi Februari 1979, na mazishi yake yalifanyika hapa hapa tarehe 28 Aprili mwaka huo. Mara ya pili ni Jumatatu iliyopita, tarehe 9 Juni 2025, nyumbani kwake Kamunyonge, Musoma. Wapo wazee waliohudhuria misiba yote miwili, na familia inawashukuru kwa uvumilivu wao.

Wale waliopewa kijitabu cha ratiba siku ya Jumatano wanaombwa wakitumie kwa kazi nyingine. Kina wasifu mfupi, wenye watoto wawili na mpangilio mzuri. Huu unaosomwa sasa ni mrefu zaidi, na sababu ya urefu wake itaonekana mbele ya safari.

Marehemu alipata elimu ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1959, akaendelea na masomo ya kati Nyegina, misheni, mwaka 1963 hadi 1966, kisha sekondari mjini Musoma alikomaliza kidato cha nne mwaka 1970. Baba yake alifariki mwaka 1964, akamwacha Bi. Nyangeta na mtoto mmoja, ng'ombe wa kutosha, na mashemeji waliokuwa wakiwahesabu ng'ombe hao kila wanapopita. Hati ya marehemu ilikuwa nzuri kuliko ya walimu wake. Wakati wa likizo akina mama wa kijiji walipanga foleni uani kwao, kila mmoja na karatasi yake, ili awaandikie watoto wao waliokuwa kazini mbali. Aliwaandikia vizuri mno. Inasemekana mama mmoja, aliposomewa barua yake mwenyewe, alilia, akasema hakujua kama anampenda mwanawe kiasi hicho. Kwa barua za watu wengine marehemu alikuwa hodari, na sifa hiyo alikaa nayo maisha yake yote.

Alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1971, akajiunga na Jeshi la Wananchi mwaka 1972, akapata kamisheni ya Luteni Usu mwaka 1974 na kupanda kuwa Luteni mwaka 1977. Novemba 1978, vita vilipoanza, aliondoka kambini na kikosi chake kuelekea Kagera. Alivuka mto, akapita Mutukula, akafika Masaka, na tarehe 11 Aprili 1979 aliingia Kampala akiongoza askari thelathini, baada ya kuondoka na thelathini na sita. Hao sita waliopungua aliwataja kwa majina kila mwaka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, na hakuwahi kukosea mpangilio.

Mojawapo ya kazi zake huko ilikuwa kusoma barua za askari kabla hazijatumwa, kuhakikisha hakuna aliyetaja mahali walipo. Alisoma mamia. Alijua mke wa nani amejifungua, mama wa nani anaumwa jino, na ng'ombe wa nani amepotea Serengeti. Barua ya kwake hakuandika hata moja. Koplo Magesa, dereva wake, alimuuliza siku moja kwa nini hampelekei mama yake salamu, naye akajibu kwamba afisa hana cha kulalamikia nyumbani. Magesa akamwambia kuwa salamu siyo malalamiko.

Mwezi Februari, karibu na Masaka, ilinyesha mvua siku tatu. Marehemu alivua koti lake la mvua, lenye jina lake kifuani, akampa Koplo Magesa, aliyekuwa akiendesha lori lisilo na kioo cha mbele. Lori hilo lilikanyaga bomu la ardhini. Magesa alikufa hapo hapo. Nyuma ya lori alikuwamo askari mmoja wa Bunda, ndugu yetu Machage, ambaye yupo hapa leo kwenye kiti cha plastiki safu ya pili. Machage alivunjika nyonga. Kabla ya kupoteza fahamu aliona kitu kimoja tu, koti lenye jina la Luteni Magige likiwaka.

Machage aliporudi Bunda kwa likizo ya ugonjwa, katikati ya Aprili, hakusubiri mtu amtume. Alikuja Butiama kwa magongo mawili, akakaa mbele ya Bi. Nyangeta, akamwambia, "Mama, mimi sijaletwa na mtu. Lakini koti lake nimeliona kwa macho yangu." Hakudanganya. Koti alikuwa ameliona.

Barua rasmi ya kifo haikuja, na haikuja kwa sababu nzuri kabisa, kwamba mtu mwenyewe alikuwa mzima. Lakini barua kutoka kwake nayo haikuja, na masikioni mwa Bi. Nyangeta ukimya wa aliye hai na wa aliyekufa ulikuwa mmoja. Tarehe 28 Aprili ukaangushwa mgomba, ukakatwa kwa kimo chake, ukavalishwa shati lake la shule, ukazikwa badala ya mwili. Redio ya mwalimu mkuu ilikuwa ikipiga nyimbo za ushindi tangu asubuhi, ikabidi izimwe ili kilio kisikike. Katekista alisoma wasifu. Alisema marehemu alikuwa kijana mtiifu ambaye hakusahau kwao. Siku hiyo Luteni Magige alikuwa kaskazini mwa Uganda, mwenye afya, akisoma barua.

Hapa lazima lielezwe jambo ambalo wageni wetu kutoka mbali hawalijui, na wenyeji wanajifanya hawalijui wakiwa mbele ya wageni. Mama mjane asiye na mtoto wa kiume, kwetu, nyumba yake hufungwa. Ng'ombe huenda kwa mashemeji, na moto hauwashwi tena. Lakini upo mlango, nao unaitwa nyumba ntobhu: mama mwenyewe anaoa. Analipa mahari, anamleta msichana ndani, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba ile, kwa jina la yule aliyekufa. Mwanamume aliyesaidia kuwapata haulizwi jina lake, na wasifu huu hauulizi. Agosti 1979 Bi. Nyangeta alitoa ng'ombe kumi na mmoja, akamwoa Hilda, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, kutoka upande wa Bunda. Hilda akawa mke wa Felisiani Magige, marehemu. Tarehe 17 Julai 1980 alijifungua mtoto wa kike, akaitwa Esta Felisiani Magige. Mashemeji wakaacha kuhesabu.

Tarehe 19 Februari 1981 marehemu alishuka kwenye basi pale Makutano, akiwa na magwanda, begi moja na mkate wa kumletea mama yake. Wa kwanza kumwona alikuwa mwanamke aliyebeba kuni; alizitua chini taratibu, akaondoka bila kuzichukua. Alipofika hapa uani mama yake alisimama, akakaa, akasimama tena. Hakumgusa. Aliitwa baba yake mdogo, Mzee Burito, ambaye alimzunguka mara mbili kama mnunuzi mnadani, kisha akatoa uamuzi.

"Huyu tumeshamlilia," alisema. "Mlangoni hapiti."

Utaratibu ulikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa mwenye tatizo. Mtu aliyeliliwa akazikwa, akirudi, hapiti mlango wa mbele mpaka achinjwe kondoo mweupe, na yeye akae chini ale nyama hiyo na watu wote wa nyumba yake. Kabla ya hapo, akitaka kuingia, anatobolewa ukuta wa nyuma. Wakatoboa. Afisa aliyeingia Kampala kwa barabara kuu alisukuma begi lake kwanza kwenye tundu, kisha kofia, kisha mkate, halafu akatambaa. Upande wa pili alikutana uso kwa uso na mwanamke kijana aliyekuwa akinyonyesha.

"Wewe nani?" aliuliza, akiwa bado amepiga magoti.

"Mke wako," alijibu Hilda.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Baada ya msiba wako."

Hilda anasema hakukusudia kumchekesha wala kumkera. Aliulizwa, akajibu.

Kondoo aliletwa asubuhi yake. Marehemu alikataa kula. Alisema yeye ni Mkristo na afisa wa jeshi, na hawezi kukaa chini na mke ambaye hakumwoa, amlee mtoto ambaye hakumzaa, kwa sababu ya koti. Kisha akamwambia mama yake maneno ambayo kijiji kizima kimeyahifadhi kuliko Baba Yetu. "Mama, mtoto huyu ni wa marehemu. Mimi siyo marehemu."

"Basi ungeandika barua," akasema Bi. Nyangeta.

Aliondoka siku ya tatu kwa tundu lile lile alilopitia. Mwaka uliofuata Hilda aliliziba kwa udongo, kwa sababu mbuzi walikuwa wakiingia.

Tarehe 12 Februari 1983, katika kanisa la Nyegina, marehemu alifunga ndoa na Bi. Eunice Mseti, mwalimu, mwenyeji wa Murangi. Padri alimuuliza kama amewahi kuoa, akajibu hapana, na kwa upande wa mtu aliye hai jibu hilo lilikuwa sahihi. Walijaliwa watoto wawili, Gody mwaka 1984 na Mary mwaka 1987. Nyumbani alikuwa mpole, mwenye kunyoosha mashuka kama ya kambini, asiyependa kelele za milango. Gody anakumbuka kwamba baba yao hakuwahi kuingia mahali popote kabla ya kusimama kidogo kizingitini. Walidhani ni mafunzo ya kijeshi.

Alitunukiwa medali tatu: ya Kagera, ya Vita, na baadaye ya Utumishi Mrefu. Mbili za kwanza alivishwa katika sherehe mjini Musoma mwaka 1985, jua kali, bendi ikipiga. Hilda alipanda lori la mizigo kutoka Butiama na binti yake wa miaka mitano, kwa sababu alidhani mtoto ana haki ya kuona. Walisimama nyuma ya kamba. Hilda akanyoosha kidole.

"Yule pale, wa tatu."

"Nani?" akauliza Esta.

"Marehemu baba yako."

Esta anakumbuka kwamba alimwona marehemu baba yake akipiga saluti, akageuka kwa kisigino na kwenda kukaa kivulini. Alikuwa mtoto, kwa hiyo hakuona kasoro. Alifikiri baba wote waliokufa huwa wanaonyeshwa mara moja kwa mwaka.

Alipoanza darasa la kwanza, mwaka 1988, mwalimu alifika kwenye nafasi ya jina la baba, akasita, maana naye alikuwa ameona gari la jeshi likipita barabarani wiki hiyo hiyo na Kapteni ameketi mbele. Bi. Nyangeta akamwambia aandike amefariki. "Mwenyewe ndivyo alivyosema," alieleza. Ikaandikwa. Esta alisoma hadi kidato cha nne kwa kuuza maziwa na kwa huruma ya masista, akaenda chuo cha uuguzi, na kila fomu aliyojaza ilikuwa na Felisiani Magige Werema kwenye nafasi ya baba, na neno lile lile moja mbele yake. Kuna watu wanaokua bila baba. Yeye alikuwa na baba aliyekuwa akipandishwa vyeo.

Bi. Nyangeta alifariki mwaka 1998. Marehemu alikuja na magwanda na medali zote tatu. Tundu lilikuwa limezibwa, kondoo hakuliwa, na mlango wa mbele haukuwa wake. Kwa hiyo alimlilia mama yake akiwa uani, amesimama wima siku mbili, watu wakiingia na kutoka mbele yake. Mzee Burito alimletea kiti. Hakukikalia.

Alistaafu mwaka 1996 akiwa na cheo cha Kapteni, na hadi mwaka 2009 alikuwa msimamizi wa walinzi katika kiwanda kimoja cha samaki hapo Musoma. Kwa miaka kumi na mitatu mtu aliyeivuka Kagera alisimama getini akipekua mifuko ya wasichana wa kiwandani, asije mmoja akatoka na minofu ya sangara. Hakulalamika, maana afisa hana cha kulalamikia. Kila tarehe 25 Julai medali zake zilisuguliwa kwa majivu na ndimu, akavaa koti jeusi, akaenda kwenye sherehe. Miaka mingi wageni walikaa chini ya turubai na askari wa vita walikaa juani, kwa sababu, walielezwa, wao wamezoea. Alikaa pamoja na Machage. Machage alimwomba msamaha kila mwaka, na kila mwaka marehemu alimjibu kwamba koti aliliona kweli.

Ugonjwa wa sukari uligundulika mwaka 2016. Oktoba 2022 alikwenda kumtembelea Machage huko Bunda, akaanguka uani kwake kwa sababu ya kidonda cha mguu alichokuwa amekificha ndani ya soksi kwa miezi miwili. Machage akampakia kwenye bajaji, akamfikisha hospitali iliyo jirani. Muuguzi wa zamu alichukua kalamu.

"Jina la mgonjwa?"

"Kapteni Felisiani Magige Werema."

Muuguzi aliandika bila kuuliza herufi. Alikuwa ameliandika jina hilo maisha yake yote. Akauliza ndugu wa karibu wa kupigiwa simu ni nani. Mgonjwa alitazama kibao cha jina kifuani pa muuguzi, akakisoma taratibu mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisoma barua za wengine.

"Yupo kwenye faili langu jeshini," alisema.

Esta alichukulia kwamba anamaanisha mke wake. Akaandika namba ya Bi. Eunice, ambayo Machage alikuwa nayo.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Kwa majuma matatu Esta alimsafisha kidonda asubuhi na jioni, akimwita mzee, naye akimwita sista, kama wagonjwa wote wanavyowaita wauguzi wote. Bi. Eunice alikaa kwenye benchi pembeni ya kitanda akisuka kofia, na aliyasikia yote, yakiwa machache. Siku moja mgonjwa aliuliza kama sista anakaa Bunda hapo hapo. Esta akajibu kwamba kwao ni Butiama, ila mwisho wa mwezi huwa anakwendaga kumwona mama yake, kwenye mji wa marehemu baba yake.

Bandeji ilizunguka mara mbili au tatu.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" mgonjwa akauliza.

"Sikumjua. Nasikia alikuwaga hodari."

"Wanasema hivyo," akasema marehemu, akageukia ukutani.

Siku ya kuondoka alimshika mkono, akamwambia asante sista. Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia. Bi. Eunice alibaki nyuma kidogo, akamwomba Esta namba ya simu, akasema ni kwa ajili ya kuuliza dawa. Hakuwahi kupiga kuuliza dawa.

Figo zilianza kushindwa mwezi Januari mwaka huu. Alifariki tarehe 9 Juni saa nne asubuhi, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, mkewe na Mary wakiwa pembeni yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Sasa inafuata sababu ya urefu wa wasifu huu. Siku ya Alhamisi alifika Kamunyonge Meja Masanja, aliyetumwa na jeshi kuja kupanga heshima za mwisho. Alikaa sebuleni, akanywa chai, akafungua muhtasari wa utumishi wa marehemu. Akasema kwamba medali hubebwa juu ya mto mdogo mwekundu mbele ya jeneza na mtu aliyeandikwa na afisa mwenyewe kuwa ndugu yake wa karibu, na baada ya mazishi hukabidhiwa yeye. Kisha akauliza Esta ni yupi kati yao.

"Hatuna Esta hapa," alisema Gody.

"Mnaye," alisema Meja, akageuza karatasi ili waione. "Tarehe 2 Machi 1981. Mstari wa mama umekatwa. Chini yake ameandika, mtoto wa kwanza, Esta Felisiani, Busegwe. Saini hii hapa. Na fomu imehuishwa mara nne, mpaka siku anastaafu. Hajambadilisha."

Tarehe 2 Machi 1981 ni siku kumi na moja tangu atambae kwenye tundu na kusema yale aliyoyasema. Alirudi kambini, akaomba fomu, akaandika. Hati ni ile ile nzuri ya Nyegina. Kwa nini alifanya hivyo na kwa nini hakumwambia mtu, faili halisemi. Fomu haikuwa na nafasi ya maelezo. Mtu aliyewaandikia akina mama wa kijiji hiki mapenzi yao yote aliandika ya kwake kwa mstari mmoja, akampa karani, akanyamaza miaka arobaini na minne.

Gody alisema vijitabu vimeshachapwa. Akasema pia kwamba yeye ndiye aliyezisugua medali hizo kwa ndimu tangu akiwa mdogo, na hilo ni kweli, na si haki kulipitia juu juu. Mary alikuwa akilia. Bi. Eunice ndiye aliyekata shauri.

"Mpigieni," alisema. "Namba ninayo."

Esta alikuja na sare zake za kazi, akitokea zamu. Alisomewa mstari ule, akaomba ausome mwenyewe. Aliusoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake. Walioshuhudia walitegemea machozi, na baadhi walikuwa wameshaandaa leso.

"Kwa hiyo jeshi zima lilikuwa linajua," alisema. "Isipokuwa mimi."

Meja Masanja alisema kwamba mafaili ni siri. Esta akamjibu kwamba ameona.

Mary alimwomba asimkasirikie marehemu. Esta akasema hakasiriki. Anakumbuka tu soksi. Kwa majuma matatu alimvua mtu soksi ya mguu uliobaki, na mtu huyo anajua anavuliwa na nani. Kisha Meja akamuuliza kama atabeba medali, maana kama hataki inabidi iandikwe barua. Esta akasema atabeba, kwa sharti moja. Asiitwe mtoto wa kulelewa, wala wa ukoo, wala asiongezwe chini kwa maandishi madogo. Na wasifu uandikwe wote, mgomba, fomu ya darasa la kwanza na tundu la ukuta. "Mkificha kimoja," alisema, "zibebeni wenyewe." Gody ndiye aliyezichana karatasi za kwanza, kwa mikono yake, na ndiye aliyepeleka hizi kuchapwa.

Jana mchana jeneza lilifika hapa likasimama uani, kwa sababu swali la mlango lilikuwa bado halijajibiwa. Jeneza halipiti kwenye tundu, na ukuta siku hizi ni wa tofali. Mzee Burito, mwenye miaka tisini na miwili, alibebwa na kiti chake mpaka mbele. Akasema utaratibu haujabadilika, kondoo mweupe aliwe na watu wa nyumba yake wote. Akachinjwa. Wakakaa chini kwenye mkeka mmoja Bi. Eunice, Bi. Hilda, Esta, Gody na Mary, wakala kwenye sinia moja. Bi. Hilda alimmegea Bi. Eunice ini. Ilichukua muda usiozidi nusu saa.

Esta alipomaliza alitazama mifupa. "Ilikuwa hivi tu?" akauliza. "Kondoo mmoja?"

Mzee Burito akasema ilikuwa hivyo tu, tangu mwanzo.

Jeneza likapita mlangoni.

Leo marehemu anazikwa katika kaburi lake mwenyewe, ambalo limemsubiri miaka arobaini na sita. Vijana waliolifukua hawakukuta kitu zaidi ya vifungo vinne vya shati la shule. Msalaba wa zamani haujang'olewa. Tarehe ya pili imeandikwa chini ya ya kwanza, kama lilivyo agizo la Esta.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Eunice Mseti, mke wa nyumba ya mama yake, Bi. Hilda, watoto watatu, Esta, Gody na Mary, wajukuu saba, baba mdogo mmoja, Mzee Burito, na rafiki mmoja, Machage, ambaye hatakiwi tena kuomba msamaha. Medali tatu ziko mikononi mwa binti yake wa kwanza.

Apumzike kwa amani, na huko anakokwenda apokelewe mlangoni.